Beberu wa Mikono ya Mama

Kambini, milima ya Aïr

Kwa kaka yangu mpendwa Rhisa,

Salamu nyingi zikufikie huko Arlit. U hali gani, na vumbi la machimbo, na uchovu? Mimi na Mama tu wazima, ila uchovu tunao hata wa kumgawia jirani.

Mama ndiye aliyeniagiza nikuandikie. Mvua haikuwa mbaya, lakini mbuzi wetu waliozaa mara ya kwanza hawana maziwa. Wote ni mabinti wa beberu mmoja. Nakamua tangu alfajiri mpaka mgongo unagoma, na sipati ya kugandisha jibini hata moja.

Unakumbuka kwamba tangu apofuke, Mama huchagua beberu kwa kumpapasa. Husema beberu usimtazame yeye, mtazame mama yake. Miaka mitatu iliyopita alimshika yule mweusi, mtoto wa jike aliyetunywesha mwaka wa njaa, akasema huyo abaki, wengine wote wahasiwe.

Sasa, kwa ukosefu huu wa maziwa, anasema mikono yake nayo imekufa kama macho. Anataka uje umchagulie beberu, yeye basi tena. Siku hizi hali chakula vizuri, wala hasimulii tena nasaba za mbuzi wake, na unajua alivyokuwa hanyamazi.

Kaka, haya yanayofuata hakuniagiza. Yule mweusi alikuwa mfupi, sikio moja limekatika. Wasichana wenzangu kisimani walinicheka: "Ghaisha, huyo ni mbuzi au panya aliyeota ndevu?" Niliona haya. Siku mhunzi alipokuja kuhasi, Mama alikuwa amelala na homa. Nikamwonyesha mhunzi yule mweusi ahasiwe. Aliyebaki ni mweupe, mrefu, mwenye pembe za kupendeza, na mama yake hakuwahi kujaza hata bakuli. Mama alipouliza, nilisema imefanyika alivyotaka.

Jana nilimpelekea vitoto vitatu vya kiume, nikitumaini atavipapasa. Alivisukuma taratibu, akasema, "Chagua wewe, mwanangu. Wewe una macho."

Nimechoka, kaka, na si kwa kukamua. Barua hii nitamsomea yote, neno kwa neno, kabla sijampa dereva wa lori. Ikikufikia, ujue Mama ameshasikia.

Anakusalimu sana. Nami nakusalimu, ukinikubali.

Mdogo wako,
Ghaisha