Msuko Chini ya Reli ya Mikumi

Mama yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata baba. Ninajua kwa nini treni yetu ndogo haifiki Mikumi. Nimejua tangu kabla ya arobaini yako. Mdogo wangu Juma akiniuliza, huwa namwambia kwamba njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi imefungwa, kama ile reli ya kweli, naye huniamini kwa sababu treni ya kweli kweli haiendi. Lakini hii ya mezani hakuna aliyeifunga. Kosa liko chini ya ubao, kwenye nyaya ulizosuka wewe.

Unakumbuka mjomba Sefu alivyoshuka kwenye basi akiwa amelikumbatia lile katoni kama mtoto mgonjwa? Mzungu aliyekuwa akitengeneza jenereta za kambi ya watalii kule Mikumi alikuwa amerudi kwao, akamwachia. "Dada, wenzangu soko huria limewaletea magari," alikwambia. "Mimi limeniletea treni." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Baba, ambaye reli ilikuwa imempunguza kazini, aliitazama injini kidogo, akatoka nje.

Nilisoma kijitabu cha maelezo ya treni kwa kamusi, nikikusimulia huku unasuka wateja barazani. Nilikueleza kwamba hii si treni ya kuwasha na kuzima tu. Kila injini ina namba yake, na kila njia panda ya reli ina namba yake. Kisanduku chenye vitufe hutuma amri kupitia reli zilezile zinazobeba umeme, na anayeitwa kwa namba yake ndiye anayeitika. Mama Neema, kichwa chake kikiwa magotini mwako, alisema, "Mimi wanangu nawaita kwa majina hawaitiki, sembuse treni kwa namba!" Wewe ukamwambia atulie, anaharibu mstari.

Kazi ngumu ilikuwa zile njia panda. Pale reli za ndani zinapokutana pana kipande cha chuma chenye umbo la V. Treni ikienda moja kwa moja, kipande hicho kinatakiwa kipate umeme wa reli ya upande mmoja. Ikikata kona, kipate wa upande wa pili. Swichi iliyo chini ya ubao ndiyo inayobadilisha. Kwa hiyo kuna nyaya tatu: wa reli ya kushoto, wa reli ya kulia, na unaokwenda kwenye V. Ukizikosea, magurudumu yakigusa V inapiga shoti, taa nyekundu inawaka kisandukuni, na kila kitu mezani kinazimika kwa pamoja.

Nyaya alizotupatia fundi redio wa mtaani zote zilikuwa za kijivu. Nilikuwa nimeshachanganyikiwa, karibu kulia, ulipoingiza mkono kwenye kikapu chako ukatoa nyuzi za kusukia. "Mwekundu kushoto, mweusi kulia, mweupe huu wa kwenye V. Sasa utapoteaje?" Ukalala chali chini ya meza, kanga umejifunga kibwebwe, ukazizungushia nyaya zile uzi kisha ukazisuka tatu pamoja, vidole vikiwa bado na mafuta ya nazi. "Hii ni twende kilioni," ulisema kutoka huko chini. "Msuko wa haraka. Wa harusi nitausuka siku nikipata nafasi."

Njia panda ile ya kwanza ilikubali mara moja. Treni ikatoka Kimamba, ikaingia Kilosa, ikakata kushoto na kusimama pembeni ya kituo. Ulipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Ya pili, ya kwenda Mikumi, uliisuka ukiwa umeshavaa viatu vya safari, kwa sababu bibi kule Mikumi alikuwa anaumwa na basi lilikuwa karibu kuondoka. Uliisuka ifanane kabisa na ya kwanza. Msusi gani ataacha butu la kulia lisilingane na la kushoto? Lakini ile ya kwanza inakata kushoto, na hii inakata kulia. Mwekundu na mweusi zilipaswa kubadilishana nafasi. Mimi nilikushikia taa tu. Tulikubaliana tutaijaribu ukirudi.

Bibi alipona. Wewe ndiye uliyebaki Mikumi.

Tangu hapo treni inakwenda Kimamba na kurudi. Nimelala chini ya meza ile mara nyingi, nikitafuta njia ya kurekebisha bila kugusa msuko. Haipo. Ulizikata nyaya fupi, ukafunga fundo la uzi palepale zinapolehemiwa, na hakuna urefu wa kuvusha waya mmoja upande wa mwenzake. Lazima ufumuliwe. Na mama, nguo zako zimeshagawiwa. Nywele ulizonisuka mimi zilishafumuliwa zamani, na wewe hukuwepo. Msuko ule ndio kitu cha mwisho mikono yako iliacha humu ndani. Ukiunusa kwa karibu, bado una nazi.

Jana Juma alileta boksi la sabuni, akalikata milango, akaliweka mwisho wa reli. Ameandika MIKUMI, na M moja imegeuka juu chini. "Dada, treni ya kwa mama itaenda lini?"

"Njia imefungwa, Juma."

"Imefungwa na nani? Wewe kazi yako kusoma kijitabu tu. Kama imekushinda sema, tumrudishie mjomba."

Nilikumbuka ile Idi niliyokataa nywele zangu zifumuliwe, kwa sababu wasichana darasani walikuwa wamezisifu na mimi sijazoea kusifiwa. Nilizificha chini ya mtandio karibu mwezi mzima. Uliniita barazani, ukanibana kichwa katikati ya magoti. "Unataka nikuachie mpaka chawa wafungue duka? Tulia. Mikono yangu si ninayo, nitakusuka tena." Nililia, na wewe ukaendelea kufumua, unaimba polepole.

Mikono yako sinayo, mama. Ninayo hii yangu.

Leo baada ya shule nimeazima chuma cha kulehemu kwa fundi redio. Nimelala chini ya meza na kumwita Juma anishikie taa. Nimefumua kuanzia mwisho, kama ulivyokuwa ukifanya, uzi mmoja mmoja, na sikukata hata mmoja. Nimeunga vipande vya waya kuongeza urefu, nikahamisha mwekundu upande wa mweusi na mweusi upande wa mwekundu, nikalehemu. Kisha nimezisuka upya kwa nyuzi zako zilezile. Msuko umekwenda upande, ungenicheka. Juma amebonyeza namba ya njia panda, halafu namba ya injini. Treni imetoka Kimamba, imepita Kilosa, imekanyaga V, na taa nyekundu haikuwaka. Imeingia kwenye boksi la sabuni, ikasimama. Baba alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Amevuta kiti, akakaa, akamwambia Juma airudishe Kilosa aione tena.

Pumzika, mama. Njia iko wazi.

Ni mimi bintiyo, mshika taa wako