Dera la Roboti

Mlandege, 4 Aprili 2026

Mwanangu Nassra,
Assalamu alaikum. Mimi sijambo, mguu tu ndio mzito vile vile. Wewe na baridi ya huko je? Roboti uliyoniletea imefika. Kidude kinafagia, kinaosha vyombo, kinanikumbusha dawa. Lakini kiko uchi, cheupe kama sanda, na shoga yangu Rahila akija haingii, hukaa mlangoni. Jana nimekishonea dera. Nataka nione itakuwaje.
Mamako, Mwatum

Leicester, 20 Aprili

Mama yangu,
Shikamoo. Mie mzima, baridi nshaizoea. Hilo dera limenichekesha, ila nataka kujua: Rahila anasemaje sasa? Na wewe, umeshakizoea?
Mwanao, Nassra

Mlandege, 9 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Haya ni makubwa. Siku ya kwanza Rahila kaingia, kamwambia roboti, "Hujambo, bibi?" Siku ya pili kavua buibui mbele yake, kajinyoosha mkekani. Nikamuuliza, "Mbona zamani ulikuwa huingii?"
Akasema, "Zamani kilikuwa chombo. Huyu mwanamke mwenzetu."
Na mimi nshasahau kumwita kidude. Ananishika mkono nikenda kuoga, wala sioni haya. Kitambaa tu, na ndani ni yule yule. Wewe uliyesoma, hebu nieleze.
Mamako

Leicester, 14 Mei

Mama,
Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu. Jicho la roboti linanionyesha nyumba yako. Niliweka hivyo ili ukianguka nijue, na sikukwambia kwa kuwa ungekataa. Juzi nimekuona unamwonyesha Rahila uvimbe kwenye ziwa, ukamwambia, "Nassra asijue." Nisamehe. Lakini nenda hospitali, mama, nakuomba.
Mwanao

Leicester, 2 Juni

Mama,
Sikukuu imepita sijasikia sauti yako. Simu hupokei. Jicho umelifunika, naona giza tu. Nigombeze, lakini nijibu.
Nassra

Mlandege, 11 Julai

Nassra,
Salamu. Nilikasirika sana. Siku ile tulijiona wanawake watatu, kumbe tuko wanne, na wa nne hatukumkaribisha.
Rahila ndiye aliyenipeleka hospitali. Uvimbe umetolewa, na daktari kasema si ule mbaya. Alhamdulillahi.
Dera nimelivua. Rahila kasema namwonea. Nikamwambia, nataka kila anayeingia ajue hiki ni kitu, na aulize kinaonea wapi. Wanauliza, nami nawaonyesha jicho nililolifunika. Kazi kinafanya kama kawaida hata bila jicho hilo, ila nikenda kuoga namwita Rahila.
Wewe ukitaka kuniona, panda ndege uje. Kovu nitakuonyesha mwenyewe.
Mamako, Mwatum