Baba na Pengwini Anayengoja

Jumapili usiku, Julai

Baba amekula. Si kingi, lakini amekula.

Tangu tumzike Mama nikamtoa Baba Makongeni aje kukaa na mimi hapa Gatongora, sahani zake zimekuwa zikirudi jikoni hazijaguswa. Nilishaanza kuogopa tutamzika na yeye.

Leo jioni TV ilikuwa inaonyesha bahari ya kusini kabisa, kwenye barafu. Pengwini wa kike akishataga huenda baharini kutafuta samaki. Dume hubaki na yai juu ya miguu, kwa baridi ile yote, bila kula chochote. Baba alikuwa amejifunika blanketi, nikadhani amelala.

"Mbona huyo amekonda hivyo?" akauliza.

"Anangoja mke wake, Baba. Akirudi ameshiba atalisha mtoto, halafu dume naye aende akale."

Wakaonyesha majike wakirudi kutoka majini, kila mmoja akiita mpaka mume wake aitike. Baba alitazama mpaka mwisho.

"Huyo ana mtu wa kungoja," akaniambia polepole. "Wangu harudi, mami."

 Nikamshika mkono tu.

Kisha akauliza kama kuna mukimo umebaki, vile viazi vya kupondwa na mahindi. Nikaenda kuupasha moto, machozi yananitoka...

Alikula vijiko vichache, halafu akanisogezea sahani.

"Kula na wewe," akasema. "Kumbe siku hizi zote umekuwa ukila peke yako."