Kifua Ambacho Hawakukigusa

Mama,

Huu ni mwaka wa sita tangu uondoke na bado nina hasira. Nakuandikia kwa sababu sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Nikiwa darasa la saba ulinifundisha kugonga kifua, pale zahanati yako kisiwani Mfangano. Tulianza na mtungi wa mafuta taa. Kidole cha kushoto nikilaze, cha kulia kigonge, nitafute mafuta yameishia wapi. "Penye hewa panalia, penye maji hapalii," ulisema. Mgonjwa akija ulimtazama kwanza, ukamshika, ukamgonga, ndipo ukatoa stethoskopu. Uliipasha joto kiganjani ili isimshtue.

Halafu ukaugua wewe, ukakonda, ukavushwa ziwa hadi hospitali kubwa. Nilikuja Jumamosi kutoka Migori, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Chati yako ilining'inia miguuni pa kitanda. Siku nne, asubuhi na jioni, pumzi ishirini kwa dakika. Nikahesabu kwa saa yangu. Thelathini na nane.

Sista Rispa, muuguzi wa wodi mliyesoma naye chuo kimoja, alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea zaidi ya hapo.

"Sista, mmempima saa ngapi?"

"Ukifanya hii kazi miaka kama yangu, unaona kwa macho tu."

Ukanibana mkono. "Wacha, nyara, binti yangu. Hawa ni wenzangu."

Nikakugeuza, nikagonga mgongo. Kushoto kulilia vizuri. Kulia, kuanzia chini ya bega, ilikuwa kama kugonga ukuta. Nikasikiliza kwa stethoskopu yako mwenyewe. Pumzi haikufika huko. Nikamwambia Rispa una maji kifuani. Akajibu kwamba daktari atarudi Jumatatu, na mwanafunzi asimfundishe kazi.

Jumatatu daktari aliingiza sindano, maji ya manjano yakajaza jagi. Ukaketi, ukala samaki, ukacheka kidogo. Jumatano ukafa.

"Tungeyatoa wiki iliyopita," daktari aliniambia, hakumaliza.

Kilikuwa kifua kikuu, Mama, ugonjwa ambao wewe ulikuwa ukiutibu kisiwani miaka yote. Lakini siku hizo kila aliyekonda alipewa jina moja, ukimwi, na wauguzi wakaficha mikono. Rispa alilia matangani hadi akashikiliwa. Aliponinyooshea mkono, sikuupokea.

Na wewe ulijua. Muuguzi wa miaka ishirini kazini halali na kifua kile asijue. Siku nne ulisoma uongo kwenye chati yako, ukanyamaza ili mwenzako asiaibike. Wewe uliyenikataza kuandika namba ambayo sijaihesabu.

Sasa nasimamia wodi hapa Migori. Wiki jana mwanafunzi alijaza chati akiwa mezani. Nilimrudisha kitandani kwa mzee ambaye hakuwa amempima, nikasimama hapo mpaka akahesabu dakika nzima, mkono juu ya kifua. Wananiita mkali.

Ningetaka nawe uwe mkali, Mama, mara moja tu. Ungewaambia, "Njooni mnishike."

Pumzika. Mimi bado siwezi.

Binti yako