Nyamaza, Papa Muhindo

Kisangani, tarehe 4 Machi 2024

Olga mwanangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mke wangu, tantine yako Emérence, amepona homa, anakula vizuri, na anasema hataamini kama unakula huko Yanonge mpaka akuone kwa macho. Na wewe, mwili unaendeleaje? Kikohozi je?

Ninashukuru kwamba Papa Muhindo amekupa kazi ya kushika redio kwenye depo yake ya mizigo. Umeniuliza tofauti ya miito miwili. Nimefanya kazi ya redio kwenye meli za mto huu mpaka nywele zimeniisha, kwa hiyo vumilia maelezo ya mjomba mzee.

Ukisikia "Pan Pan" mara tatu, hiyo ni haraka: mashine imekufa, au kuna mama ameshikwa na uchungu, lakini boti bado iko salama juu ya maji. Kwetu hata mwenye pikipiki anajua pane ni nini: chombo kimeharibika njiani. Ukisikia "Mayday" mara tatu, watu watakufa asipokwenda mtu sasa hivi. Shika kalamu. Jina la boti, mahali ilipo, imepatwa na nini, watu ni wangapi. Usipopata vyote, pata mahali. Waambie kwamba umepokea, kisha utafute wa kuwafuata.

Kitu kigumu ndicho hiki. Sisi watu wa mto tunasalimiana redioni kama tumeketi uani: mke, watoto, msiba wa juzi. Ni vizuri. Lakini anayebonyeza mikro ili aongee anawafunika wengine, hawasikiki. Mtu akiongea juu ya Mayday, mwambie: "Silence, Mayday," yaani nyamaza, kuna watu wanazama. Usimwulize umri wake.

Tonton wako,
Séverin


Yanonge, tarehe 22 Machi 2024

Tonton mpendwa,

Jambo sana kwako na kwa tantine. Kikohozi kimekwisha. Kilichobaki kuugua ni roho.

Jumanne asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mto. Papa Muhindo alikuwa anashuka na boti yake, akaniita kama kawaida: "Olga, jambo. Umeamuka? Na Vicky wa hapo jirani, mutoto wake iko namna gani?" Alipoachia mikro avute pumzi, nikasikia sauti nyingine: Mayday. Baleinière moja, zile boti ndefu za mbao, ilikuwa imegonga gogo na maji yanaingia.

Nikasema, "Silence, Mayday."

Akajibu, "Ni nani ananinyamazisha? Olga, ni wewe? Bon, mimi nakusalimia, na wewe..."

Tonton, mto mzima ulikuwa unasikia. Nikasema, "Nyamaza, Papa Muhindo. Mayday."

Akanyamaza. Ndipo nikasikia vizuri: kisiwa cha Lotoko, upande wa msitu, watu zaidi ya thelathini. Nikamwita Vicky, akakimbia ukingoni mwa mto kuwaita wavuvi, wakaenda na mitumbwi yote. Watu wote wametolewa. Mizigo peke yake ndiyo imezama.

Sasa bandarini wanamcheka Papa Muhindo. Akipita, mmoja anasema "Silence," mwingine anamalizia "Mayday." Ametuma habari kwamba baada ya Pasaka atakuja na mtu mwingine wa kushika redio. Kazi hii naipenda, tonton, na hapa sina nyingine. Nipige magoti? Niahidi kwamba sitarudia? Au uje wewe uongee naye?

Mtoto wako,
Olga


Kisangani, tarehe 26 Machi 2024

Mwanangu,

Sisi wazima, na tunakuombea roho ipone. Tantine yako ameisoma barua yako akilia, mimi nimeisoma mara mbili. Watu zaidi ya thelathini wamerudi kula kwao. Kwa hiyo kwanza kabisa, asante.

Sitakuja kukuombea. Nikija, Papa Muhindo atasikia ukoo, hatasikia kazi. Msalimie kwa mikono miwili. Omba radhi kwa aibu iliyompata, maana ni aibu ya kweli na yeye ni baba kwako. Lakini neno lenyewe usiliombee radhi. Amri ile si ya anayeitamka, ni ya walio majini, wewe umewaazima mdomo tu. Akikuuliza kama utarudia, mwambie ndiyo. Mwambie kwa upole, lakini mwambie. Ukiahidi kunyamaza mbele ya wakubwa atakuachia redio, na mtu anayezama hatakuwa na faida nayo.

Akikufukuza, kitanda chako kipo, na tantine ameshatandika.

Tonton wako,
Séverin


Yanonge, tarehe 12 Aprili 2024

Tonton na tantine,

Jambo. Mnalalaje na joto hili? Mimi nimeanza tena kulala.

Papa Muhindo alikuja na Israël, mtoto wa dada yake, begi mkononi. Nikamsalimia kwa mikono miwili, nikaomba radhi kama ulivyonielekeza. Kabla hajajibu, waliingia akina mama wa wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, wamesafiri mpaka hapa. Mbele yao alikuwa Mama Célestine, ambaye wanawe wawili walikuwa ndani ya baleinière ile. Amebeba kapu la samaki wa moshi. Nilidhani ni langu. Akapita meza yangu, akaliweka miguuni pa Papa Muhindo.

"Papa, tumekuja kukushukuru."

"Mimi? Mimi sikufanya kitu."

"Ulinyamaza. Mukubwa kama wewe, mwenye boti, mutoto anakuambia nyamaza, na unanyamaza. Wengine wangegomba kwanza. Ungegomba, Olga asingesikia jina la kisiwa, na mimi leo ningekuwa kwenye kilio."

Wakamshika mkono mmoja mmoja. Hakujua aweke macho wapi. Walipotoka alilisogeza kapu kando, akaniuliza:

"Siku ingine ikipata vile, utaniambia tena nyamaza?"

"Ndiyo, papa."

"Mbele ya watu?"

"Redio haina chumba cha ndani, papa."

Akacheka kwa pua. Akamgeukia Israël: "Weka begi chini. Huyu atakufundisha. Anza na kunyamaza."

Asante, tonton, kwa kutokuja.

Jana Papa Muhindo alikuwa anashuka tena. Nilisikia chaneli kimya, kimya kabisa, ndipo sauti yake: "Olga, njia iko tupu? Naweza kukusalimia?" Nikamwambia iko tupu. Alisalimia mpaka boti ikafika bandarini.

Mtoto wako,
Olga