Hedifoni Zinazofunika Sikio Lote

Hola, 3 Mei 1998

Kwa Mjomba Reuben,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba maji ya mafuriko yameshatoka kwenye shamba la migomba. Mimi huku sina ugonjwa, namshukuru Mungu.

Ninalo jambo la kukuuliza. Chumba nilichopanga kimo ndani ya ua wa Mzee Wario, na ukuta wangu ndio ukuta wake. Mzee anaumwa kifua tangu mvua zile kubwa. Usiku anakohoa, kwa hiyo hulala mchana, na mchana ndio wakati wangu wa gita nikitoka kazini stoo. Hajawahi kuniambia niache. Mkewe, Mama Kadra, alisema tu juzi, akicheka, "Leo Mzee amesikia gita yako yote, mpaka mwisho." Maneno hayo yamenikaa.

Nasikia kuna visanduku ambavyo unachomeka gita na kusikiliza peke yako. Mshahara wangu unaujua. Wewe umepiga gita Mombasa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu, na ndiwe uliyenifundisha. Ninunue kipi?

Mpwa wako,
Jillo


Garsen, 15 Mei 1998

Mpwa wangu Jillo,

Marahaba. Sisi tu wazima. Goti la mkazamjomba wako linatabiri mvua kuliko redio, na siku hizi linabishana nayo. Shamba limekauka, limebaki tope la kutosha kuniibia kiatu kimoja.

Umefanya vizuri kumfikiria mgonjwa. Ngoja nikueleze polepole, maana dukani hakuna mwenye subira na mnunuzi asiyejua anachotaka.

Gita la umeme likikosa amplifaya lina sauti ya kuku anayedonoa mkebe. Kumbe lina mengi ndani, ila yanahitaji pa kutokea. Watu watakuambia ununue pedali mojamoja. Usinunue. Kila pedali inajua kazi moja tu, hii mwangwi, ile mkwaruzo, na nyingi hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo utamaliza mishahara na bado utampigia Mzee Wario kelele. Amplifaya ndogo yenye tundu hilo si mbaya, lakini ni nzito, na umeme wa Hola nimeambiwa huja kama mgeni: haubishi hodi na hauagi.

Tafuta kisanduku kimoja kinachokusanya kazi zote, ukubwa wake kama kandambili mbili zilizowekwa sambamba, chenye swichi za kukanyaga. Kiwe kinakubali betri ile ya mraba. Muuzaji atajisifu kwamba ndani mna sauti nyingi sana. Mwache ajisifu. Utatumia nne, nazo ni sauti safi, mkwaruzo mdogo, ile inayofanya gita moja lisikike kama mawili, na mwangwi. Mwangwi ndio usikilize kwa makini kuliko vyote. Ndani ya hedifoni gita husikika kavu, kama mtu anayesema ndani ya sikio lako. Ukiongeza mwangwi kidogo unalijengea chumba. Kisanduku cha bei nafuu chenye mwangwi mbaya hulijengea choo.

Chukua kilichotumika, utaokoa karibu nusu ya bei. Kabla ya kulipa, kanyaga kila swichi, kisha zungusha waya ndani ya tundu lake. Kikikwaruza, mrudishie mwenyewe.

Sasa hedifoni. Zile za sponji za redio ndogo huvujisha sauti, na Mzee atadhani ana mbu wa chuma chumbani. Nunua zinazofunika sikio lote. Ukizivaa, hata mtu akikuita hutajua, na hilo ndilo tunalolitaka.

Tena, fumba macho unapofanya mazoezi. Vidole vinavyotazamwa huona haya.

Msalimie Mzee Wario. Simjui, lakini anayevumilia gita la mwanafunzi ni mtu mwema.

Mjomba wako,
Reuben


Hola, 27 Juni 1998

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, na pole kwa kiatu.

Kisanduku nimekipata. Rafiki yangu aendaye Mombasa na lori alikipata kwa fundi mmoja, kimekwaruzika rangi lakini swichi zote zinaitika. Mwangwi wake si choo. Si kanisa pia, tuseme ni sebule. Hedifoni ni zile ulizosema, nene, zinabana kama mikono ya mtu.

Mama Kadra aliniuliza kama nimeuza gita. Nilimwambia ninapiga kila siku. Akasema, "Basi wewe unapiga gita ya majini, sisi watu hatusikii." Mzee alikuwa amekaa mlangoni, akacheka mpaka akakohoa. Analala vizuri sasa. Asante, Mjomba.

Mpwa wako,
Jillo


Garsen, 10 Julai 1998

Mpwa wangu,

Marahaba, na heri kwa sebule yako. Sisi huku salama. Nilimsomea mkazamjomba wako habari ya majini, naye amesema Mama Kadra ni mtu wa kukaa naye. Wiki hii punguza mkwaruzo, huficha makosa ya mkono wa kushoto. Nijibu uniambie umefika wapi.

Mjomba wako,
Reuben


Garsen, 22 Agosti 1998

Jillo mwanangu,

Salamu. Sijapata jibu lako. Nilimuuliza kondakta wa basi la Hola, akasema amekuona ukipita njia ya nyuma ya soko, na hukumwitikia. Kama ni ugonjwa, sema. Kama ni kazi, sema pia. Mimi sina haraka, ila nina wasiwasi.

Mjomba wako,
Reuben


Hola, 6 Septemba 1998

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mwili wangu ni mzima.

Mzee Wario amefariki. Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai. Nilikula, nikafunga mlango, nikakaa karibu na dirisha kwa ajili ya upepo, nikavaa hedifoni. Nilikuwa nimeshika wimbo mmoja ambao vidole vilikuwa vimeanza kuukubali. Nilifumba macho kama ulivyonifundisha.

Nilipozivua jua lilikuwa limeshaelemea magharibi. Nikafungua mlango, nikakuta ua umejaa wanawake na mikeka, na mwanamume hata mmoja hakuna. Walikuwa wamekwenda kuzika.

Aliyenieleza ni Sadia, binti yake. Mzee alikata roho baada ya adhuhuri. Walilia, na mimi sikutoka. Halkano, kaka yake Sadia, alikuja dirishani kwangu kuniita nikasaidie kuchimba kaburi, maana mimi ndimi jirani wa karibu kuliko wote. Aliniita mara mbili. Kisha jeneza likapita chini ya dirisha lile lile, na wote waliolibeba wakaniona. Sadia hakunikasirikia. Alisema tu, "Ulikuwa unatikisa kichwa, Jillo. Ulikuwa unacheka."

Nilikimbia njia ya makaburini nikawakuta wakirudi. Halkano alimsalimia mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nilikaa nao matangani mwisho wa mkeka. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Tangu siku hiyo natoka kabla ya watu kuamka na kurudi giza likiingia. Nimefikiria kuhama. Kisanduku sijakigusa.

Mpwa wako,
Jillo


Garsen, 14 Septemba 1998

Mwanangu Jillo,

Marahaba, na pole. Leo sitakuuliza hali, nimeiona.

Barua yako niliisoma mlangoni, nikaingia ndani nikaisoma tena. Nilikuandikia kwa furaha kwamba mtu akikuita hutajua. Niliona ni sifa ya kifaa. Nilikaa hapa Garsen nikipima mwangwi na betri na sponji, na sikujiuliza mtu aliyetenganishwa na mgonjwa kwa ukuta mmoja atatakiwa kusikia nini. Uliniomba nimpunguzie mzee kelele, nami nikakuondolea majirani. Mkazamjomba wako hakunipa nafasi ya kujitetea. Alisema, "Umemfundisha mtoto kuziba masikio na kufumba macho. Ulitaka aone kwa kitu gani?"

Nilianza kumwandikia Halkano kwamba kosa ni langu. Nilieleza vizuri sana, jinsi hedifoni zinavyofanya kazi na kwa nini. Nilipofika ukurasa wa pili nikaichana ile barua. Huyu kijana amechimba kaburi la baba yake akiwa na upungufu wa mikono, nami nataka kumpa somo la sauti.

Kwa hiyo sikiliza, na ujue kwamba kwa mtu kama mimi hili ni gumu kulisema: usijieleze. Maelezo ni ya anayeulizwa, na wewe hujaulizwa. Usihame pia. Ukihama, walichokiona dirishani ndicho kitakachobaki kuwa wewe. Mama Kadra yuko katika eda, hupaswi kwenda kukaa naye. Nenda kwa Halkano mchana, watu wakiwepo, umpe pole kama ulivyotakiwa kuitoa siku ile. Akinyamaza, kaa. Kesho yake nenda tena. Ukiulizwa, jibu kwa maneno machache.

Kuhusu lawama yangu, usiniondolee. Najua utajaribu.

Mjomba wako,
Reuben


Hola, 4 Oktoba 1998

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na mnasalimiwa.

Nilikwenda. Siku ya kwanza Halkano alisikia pole yangu, akaendelea kusuka kamba ya kitanda. Nilikaa mpaka nikaona aibu ya kukaa, nikarudi chumbani kwangu. Nilirudi siku iliyofuata, ikawa vile vile. Siku ya tatu Mama Kadra alisema kutoka nyuma ya pazia lake, "Jillo. Hiyo kitu ya masikio, lete."

Nilileta kisanduku, gita na hedifoni. Sadia akamvalisha huko ndani, waya ukapita chini ya pazia, mimi nikabaki nje na gita. Nilipiga kidogo, taratibu. Nikamsikia Sadia akimwita mama yake kutoka nyuma yake. Akamwita tena, kwa nguvu. Kimya. Kisha Mama akasema kwa sauti kubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, maana hakuwa akijisikia, "Kumbe huyu mtoto alikuwa hasikii kabisa!" Ua mzima ulimsikia. Halkano aliinua kichwa.

Alipozivua alisema polepole, "Mimi nimejua sasa. Lakini waliobeba Mzee ni watu wengi, Jillo. Utawavalisha wote?"

Nilimwambia hapana.

"Basi kaa na wao," akasema.

Jana walikwenda kuzungushia kaburi ua wa miiba, maana fisi wameanza kusogea. Sikualikwa. Niliwafuata kwa nyuma. Watu walifanya kazi wakinizunguka kama wanavyozunguka kisiki. Ilikuwa karibu kumalizika Halkano alipokuja akivuta tawi zito la mgunga, ambalo mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Alitazama kulia na kushoto, wengine wote mikono yao imejaa.

Akaniambia, "Shika upande huo."

Nikashika, Mjomba. Miiba ilinichoma mikono yote miwili, na sikuliachia mpaka likakaa mahali pake, kisha tukarudi nyumbani pamoja.

Mpwa wako,
Jillo