Makopo Mawili ya Glas

Sorcha mkwe wangu,

Kopo lako la rangi liko mlangoni. Najua uliagiza mawili, nitaeleza. Kula kwanza, viazi viko jikoni, vipashe moto. Mumeo akirudi awafungie kondoo.

Leo asubuhi ulipompigia simu muuza rangi kwa hicho Kiayalandi ninachokufundisha, nilikuwa hapa mezani nasikia. Wiki tatu umenipakia madoa saba ya kijivu ukutani, unaniuliza lipi limechangamka, halafu ukaagiza glas. Ni kweli nilikwambia kondoo wa kijivu tunamwita glas. Kondoo, mwanangu. Ukutani glas ni kijani cha majani. Kijivu cha ukuta ni liath.

Mbona sikukusahihisha? Nilikuwa na chai mdomoni. ~~Na mlipoamua kufunika kijani alichopaka marehemu mume wangu, mimi nani aliniuliza?~~ Chai ilikuwa ya moto.

Muuza rangi usimgombeze. Nimeshaongea naye, kesho analeta liath, lile doa la tatu kutoka dirishani unaloliangaliaga ukidhani sikuoni. Ni zuri, nakubali. Kopo hili la kijani atalichukua.

La pili hawezi kulichukua, nimelifungua. Nyuma ya mlango wa sebule, pale pasipoonekana mlango ukiwa wazi, nimepaka mwenyewe. Ukuta wako uwe kijivu, hapo ni pangu.

Niko kwa dada yangu mpaka hasira zako zipoe. Na mlango usiusukume mpaka mwisho, rangi bado mbichi.

Mama mkwe wako